Mtani wa Mheshimiwa Magodoro

Simu ilipolia mama alikuwa anakaanga vitunguu, na mimi nilikuwa nimejifungia chooni na kitabu cha hesabu nilichokibeba kwa ajili ya ushahidi tu. Nikamsikia akisema haloo kwa ile sauti yake nyembamba ya Kiingereza, halafu ikaja harufu ya vitunguu vinavyoungua. Mama yangu haunguzi vitunguu. Nilipotoka alikuwa amesimama katikati ya jiko, mkono wa simu ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani, na moshi unapanda nyuma yake. "Babu yako Clem," akasema. "Amefariki jana, hospitali, huko Gosford. Huyu ni binti yake. Anauliza kama utakwenda mazikoni kumtania, maana baba yake alimwambia mna mkataba."

Najua, mtu wa miaka kumi na saba kuandika kumbukumbu ni kama kustaafu kabla hujaajiriwa. Nina mtihani wa mwisho wa shule unaoninyemelea, na ndevu zangu ni chache kiasi kwamba ningeweza kuzipa majina. Lakini upo mwaka mmoja wa maisha yangu uliokwisha kabisa, ukafungwa na mlango, na nikiacha kuuandika sasa nitakuwa mtu mzima na nitauandika kwa adabu. Ulianza nilipokuwa na miaka kumi na minne, tukikaa Toongabbie, magharibi ya Sydney, kwenye nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba hata tulijua jirani anaota nini. Na mtu wa mwaka huo alikuwa Clem, mbunge wetu wa jimbo, muuza magodoro. Nisisitize kwamba Clem hakujua Kiswahili zaidi ya neno moja, mbaazi. Maneno yake yote humu nimemvisha Kiswahili mwenyewe. Ichukueni kuwa ni sanda yangu kwake.

Kabla hajawa mheshimiwa alikuwa na gari moja bovu lililojaa magodoro ya sponji, akiyatembeza mitaa ya magharibi ya Sydney na kugonga milango wakati wa chakula cha jioni, kwa sababu, alivyosema, mtu aliyeshiba husikiliza habari za usingizi. Baadaye akafungua duka karibu na stesheni. Alijitangaza redioni kwa sauti yake mwenyewe, na mteja akisitasita kati ya godoro hili na lile, Clem alivua koti, akajilaza hapo dukani na viatu vyake vikining'inia nje, akafumba macho na kusema, "Niamshe ukishaamua." Duka lake lilikuwa na sheria moja tu: mteja haambiwi "hatuna." Mteja anaambiwa, "Niachie mimi." Halafu unahangaika mpaka unapata. Na neno hilohilo "hatuna" ndilo lililompeleka bungeni. Bibi mmoja mteja wake aligongwa na gari akivuka barabara mbele ya stesheni, Clem akaenda kwa mbunge wa wakati ule kuomba taa za kuvukia, akajibiwa kwamba hiyo si idara yake. Alituhadithia kisa hicho mara nyingi kuliko tulivyohitaji, na kila mara alipofika kwenye hilo jibu shingo ilimwiva nyekundu. Akagombea, akashinda, taa zikawekwa. Vipindi vitatu alikaa bungeni, hakuwa waziri hata wa siku moja. Mpaka leo nikisubiri zile taa kubadilika nasema moyoni, haya, godoro lake la kwanza bungeni hilo.

Sisi tulifika kwake kwa kosa ambalo Mwaustralia asingeweza kulifanya. Bibi, mama yake mama, alikuwa peke yake Tanga, miguu inavimba, na viza ya kuja kututembelea ilikuwa imekataliwa kwa sababu mtu fulani mezani aliamua kwamba mwanamke mzee akishafika kwa mwanawe hataondoka. (Ukweli asingeondoka. Lakini walijuaje?) Mama alilia wiki nzima kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha bibi za watu wengine. Mwenzake wa zamu, nesi kutoka Nairobi tuliyemwita Mama Njeri, akamwambia, "Dada, unalia ukiwa na mheshimiwa hapo stesheni? Enda kwake."

"Mheshimiwa wa magodoro?"

"Mheshimiwa ni mheshimiwa. Kwetu mbunge anakulipia karo, anakuzikia mzee, anakutafutia hadi bibi. Hiyo viza ni kitu gani? Akisema hawezi, jua hajataka."

Hatukujua kwamba nchi hii ina wabunge wa aina mbili, wa jimbo letu la New South Wales na wa Canberra, makao makuu ya taifa, na kwamba wa jimbo anahusika na taa, shule na mabasi, na viza haimhusu kabisa. Tulikwenda. Mama alivaa gauni la Idi, na kwa kuwa huendi kwa mkubwa mikono mitupu, alibeba mbaazi za nazi kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, bakuli ambalo Bibi alimfungia kwenye sanduku siku aliyoondoka Tanga. Ofisini alikuwapo kijana wa tai, Darren, msaidizi wake, ambaye alitueleza vizuri kabisa, kwa upole, akitumia na mikono, kwamba hili ni suala la Canberra. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Mama akaanza kuinuka. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mzee mnene mwenye nywele nyeupe zilizosimama kama za mtu aliyetoka kulala, akinusa.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Mbaazi," mama akasema.

Akavuta kiti. Akala kwa kijiko cha kukorogea chai, palepale kwenye meza ya mapokezi, huku mama akimweleza habari za miguu ya Bibi. Alipomaliza akatoa mfukoni pakiti ya peremende, zile nyeupe kali zinazochoma pua, akatugawia. Mimi nilichukua mbili. Mama alikataa; alisema ni dawa ya meno iliyogandishwa, na kwa mwaka mzima kila alipopewa alikataa kwa maneno yaleyale. Halafu Clem akasema, "Niachie mimi." Nilimwona Darren akifumba macho. Lakini mama alitoka pale anatembea kama msichana, maana kwetu mkubwa akisema niachie, kumekwisha, nenda kafagie chumba cha mgeni.

Jumapili yake Clem aligonga mlango wetu kurudisha bakuli, na ndani yake kulikuwa na ndimu kubwa za mti wa nyuma ya nyumba yake. Hakujua alichokifanya. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaja kuninong'oneza jikoni, "Huyu mtu amelelewa." Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, ukikirudisha kitupu umeukata udugu. Alimweleza sheria hiyo siku hiyohiyo, mimi nikitafsiri na kuongeza chumvi, nikamwambia kwamba adhabu yake ni kuchapwa na wanawake. Kuanzia hapo bakuli likawa safarini. Linakwenda na mbaazi, linarudi na ndimu, na nyanya, na foronya mpya, na siku moja kuku mzima aliyechomwa ambaye hatukuweza kumla kwa kuwa hakuchinjwa kwa dini, tukampa mbwa wa jirani, na mama akamwambia Clem kwamba kuku alikuwa mtamu sana. Wala hakusema uongo. Mbwa alikubali.

Alikuja karibu kila Jumapili mchana. Mkewe alikuwa amekufa na binti yake Lorraine alikuwa mbali, kaskazini. Alivua viatu mlangoni, na soksi zake zilikuwa na matundu yanayochungulia vidole viwili. "Mama, njoo uone," nikasema, "serikali ya New South Wales imetoboka." Mama aliniita mshenzi, akanitupia kitambaa cha vyombo, halafu akajirekebisha akasema basi si kitu, umri wake ni wa babu yako, na babu na mjukuu ni watani. Ikabidi nimfafanulie Clem. Kwamba kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuvua kofia, kula chakula chako, na wewe huna haki ya kununa. Kwamba Bibi yangu kule Tanga ananiita mume wake na kunitishia talaka kwa simu. Na kwamba ukifa, siku ya maziko watu wote wakilia, mtani wako atakuja kuiga mwendo wako na kutangaza vituko vyako, na atalizuia jeneza lisitoke mpaka ndugu zako wamlipe. Clem aliweka kijiko chini. "Bungeni," akasema, "wananitukana bila hata kunijua. Niandikishe." Tukapeana mikono juu ya sahani ya samaki wa kupaka, na mimi nikaanza kazi mara moja. Nilijilaza sakafuni miguu ikining'inia hewani, nikafumba macho, nikasema, "Niamsheni ukifika uchaguzi." Alicheka mpaka akaomba maji.

Nikiwa mkubwa kidogo sasa, yaani tangu tulipomzika wiki mbili zilizopita, najiuliza alikuwa anakuja kutafuta nini. Swali hili si langu kwanza. Jumapili moja Darren alikuja kumchukua, na mimi nilikuwa chini ya dirisha napaka baiskeli mafuta. Darren alisema, "Clem, nimeangalia. Nyumba hii haina kura hata moja. Si raia. Hawapigi kura." Nikaganda, kitambaa mkononi. Maana mama, kila alipoulizwa kama atakuwa naye siku ya uchaguzi, alijibu inshallah kwa tabasamu la kutosha kushinda majimbo mawili. Clem akafunga mkanda wa gari. "Najua," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza, nilipoona paspoti zao. Ila kuna chakula cha mchana." Gari likaondoka, na mimi nikabaki pale na baiskeli yangu, kwa mara ya kwanza sina mzaha wa kuupachika.

Kila Ijumaa mama alinunua kadi ya simu kwenye duka la Mhindi, akakwangua namba, akampigia Bibi. Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno lilirudi kutusalimia mara ya pili. "Mheshimiwa analishughulikia, mama," alisema. "...lishughulikia, mama," mwangwi ukaitika. Na Bibi, tukisikia jogoo nyuma yake, aliuliza mambo ya maana. Baridi ya huko inavunja mifupa? Alete kanga za kuvaa ngapi na za kugawa ngapi? Akaomba niletewe simu mimi. "Mume wangu, umeshaninunulia kitanda, au unanitia mjini nilale chini?" Nilimwambia mheshimiwa ana magodoro kuliko vitanda vya mfalme. Jumapili iliyofuata nikamfikishia Clem salamu hizo kwa mzaha tu. Yeye hakuzichukua kwa mzaha. Aliuliza uzito wake, analalia ubavu gani, magoti yake yakoje. Duka alikwisha kumwachia mwingine, lakini ghala dogo alibaki nalo, na humo alitenga godoro moja, la kati, si gumu si laini, akalifunga nailoni na kulibandika karatasi: la Bibi wa Tanga.

Mwaka huohuo alinipeleka mjini kumwona kazini. Nilitegemea ngumi, kama za mabunge ya kwenye televisheni. Tulipanda treni, akanunua pai mbili, akaniketisha juu kwenye viti vya wageni, kisha akashuka kwenda kusema habari za paa la kituo cha basi. Ukumbi ulikuwa na wabunge wachache kama msikiti siku ya Jumatatu asubuhi. Mmoja alisoma gazeti. Mmoja alilala kabisa, mdomo wazi. Clem aliingiza peremende kinywani, akasimama, akasema kwamba mama mmoja husubiri basi kwenye mvua akiwa na watoto mapacha, akamtaja jina, akataja na saa ya basi, na sauti yake ile ya redioni, iliyouza magodoro mji mzima, ilikwenda mpaka nusu ya ukumbi ikachoka. Hakuna aliyemjibu. Nikiwa pale juu niliona upara wake mdogo wa kisogoni, mviringo, ambao nadhani yeye mwenyewe hakuwahi kuuona. Kwenye treni nilimwambia, "Babu Clem, uliwauzia magodoro, ndiyo maana wanalala." Akacheka, lakini kwa adabu. Tulipopita Parramatta akasema, akiangalia nje, "Dukani mtu akitaka kitu, ghala liko nyuma. Unakwenda, unaleta. Pale pia nilidhani kuna ghala nyuma." Nilikuwa nakula pai. Sikuelewa alikuwa ananiambia nini.

Habari ya Bibi ilikuja wakati wa joto, wiki ya uchaguzi. Ilikuja kwa simu ya mjomba, asubuhi, na mwangwi wake: amefariki usiku, tutazika adhuhuri, adhuhuri. Hakukuwa na namna ya kuwahi. Kwetu msiba una kazi nyingi, na kazi ndizo zinazomshika mtu asianguke. Kuosha, kushona sanda, kupokea watu. Mama hakuwa na maiti ya kuosha. Akaosha nyumba. Aliosha kuta. Baba, ambaye zamu zake za ghala kule Mount Druitt zilimfanya awe kama mpangaji kwetu, aliomba ruhusa akarudi, akasogeza makochi nje uani ili tuweke matanga, maana wafiwa hukaa chini, si kwenye viti. Watu walianza kuja, Waswahili wachache kutoka Blacktown, na Mama Njeri na wenzake wa kanisani na sufuria za wali. Tukagundua kwamba chini kwenyewe hatuna cha kukalia. Mikeka miwili na zulia la kuswalia. Wanawake wazee walikuwa wakikaa kwenye sakafu tupu ya plastiki.

Siku ya pili, Alhamisi mchana, lile gari bovu la zamani liliingia kwa kurudi nyuma mpaka mlangoni. Sijui nani alimwambia Clem kwamba msiba wetu ni wa kukaa chini. Pengine ni mimi, katika mizaha yangu. Alishuka na shati la mikono iliyokunjwa, akafungua milango ya nyuma, akaanza kuteremsha magodoro. Wanaume wakakimbia kumsaidia. Sebule ikajaa, ukumbi ukajaa, chumba changu pia. La mwisho lilikuwa lile la nailoni. Lilikuwa bado na karatasi. Aliliburuta peke yake, akakataa kusaidiwa, akaliweka mbele ya mama, akavua viatu, na soksi zilikuwa zilezile. Darren alikuwa kwenye gari lake nje anapiga honi fupifupi, kwa kuwa jioni ile kulikuwa na mkutano wa wagombea kwenye ukumbi wa klabu, na mpinzani wake, mwanasheria kijana ambaye alijua kusema hapana haraka na kwa meno meupe, alikuwa tayari ameanza kusalimia watu. Kuna jina walikuwa wanamtania nalo Clem kwenye karatasi zao za kampeni: Mzee Niachie. Hawakuwa watani wake, lakini walilitumia.

Clem alikaa chini. Kwa mtu mnene wa umri ule ilikuwa shughuli ya hatua kadhaa. Akamwambia mama kwa jina lake, na mimi nikatafsiri ingawa mama alielewa, kwa kuwa kulikuwa na wazee wanaosikiliza. "Zuhura, sikuwa nayo. Ile viza. Haikuwa mikononi mwangu hata siku moja. Nimeandika, nimepiga simu, nimekwenda Canberra kukaa kwenye viti vya nje ya ofisi za watu. Kijana wangu alikuambia ukweli siku ya kwanza, na mimi nikaufunika. Miaka yote ya biashara sijamwambia mteja neno hili. Sina. Sikuwa nayo."

Mimi nilikomea kwenye "sina." Mama Njeri akamalizia kwa niaba yangu, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, na akainamisha kichwa, maana yeye ndiye aliyetutuma.

Mama alikuwa anachezea kona ya ile karatasi. "Nilijua," akasema, kwa Kiingereza, polepole. "Kazini waliniambia zamani. Mbunge wa viza ni mwingine."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kusema niachie mimi. Na mimi Ijumaa ningemwambia nini mama?" Akavuta pumzi. "Alishona gauni la safari, Mheshimiwa. Alikuwa na furaha. Mwaka mzima alikuwa mtu anayesafiri. Wamemkuta amelala na sanduku limefungwa."

Honi ilipigwa tena nje. Clem hakuinuka. Alikaa mpaka hitima ikasomwa na watu wakala, na kule klabuni, tulivyokuja kuambiwa, kiti chake kilibaki kitupu jukwaani na mwanasheria akakionyesha kwa kidole. Sisemi alishindwa kwa sababu yetu. Watu walikwisha kumchoka, ahadi zilikuwa nyingi, na chama chake kilianguka kila mahali. Lakini Jumamosi, mama akiwa amemaliza siku tatu za matanga, alikaanga sambusa akaenda kusimama naye kwenye uwanja wa shule yangu walikopigia kura, akamgawia kila aliyepita, wa kwake na wa mwanasheria. Mwanamke asiye na kura. Mimi niliiga mwendo wa mwanasheria nyuma yake mpaka nikafukuzwa na mwalimu wangu wa jiografia.

Alishindwa. Jumapili mama alipika mbaazi, akazitia kwenye bakuli la Bibi, akanituma. Clem alifungua mlango na pajama mchana, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa usingizi. Nilipomwona uso niliumeza. Akasema, "Mwambie nitalirudisha." Hakulirudisha. Wiki zikapita, nyumba yake ikawekwa kibao cha kuuzwa, akahamia Gosford kwa binti yake, na mti wa ndimu ukabaki kwa watu wengine. Mama hakulalamika, ila kila Jumapili alifungua kabati, akaangalia pale bakuli lilipokuwa likikaa, akafunga. Nilidhani Clem ametununia. Nilidhani ameukata udugu.

Basi tulikwenda kumzika, mimi na mama, kwa treni. Kanisa dogo lilijaa suti. Mtu wa chama alisimama akamwita mtumishi wa umma asiyechoka, kwa dakika nyingi, na sikumtambua mtu aliyekuwa akisemwa. Walipolinyanyua jeneza, Lorraine akageuka akaniangalia. Macho yake mekundu. Akaitikia kwa kichwa.

Niliingia katikati ya njia, nikanyoosha mikono. "Hamtoki," nikasema. Suti zote zikaganda. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mtani wa huyu mzee na jeneza halipiti mpaka nilipwe. Kwamba huyu mtu alilala dukani akaita kazi, akalala bungeni na wenzake wakaita kazi, na leo tena amejilaza mbele za watu, na mbaya zaidi amelala kwenye sanduku lisilo hata na springi, aibu gani hii kwa mfanyabiashara. Lorraine alianza kucheka, huku machozi yanamtiririka, na mtu mmoja nyuma akacheka, na mwingine. Nikauliza kama wamemvalisha soksi nzima, maana huko aendako hawatamtambua. Nikaiga mwendo wake. Kisha nikasema, "Kila mtu ulimwambia niachie mimi. Sasa umeondoka, Babu Clem. Tumwachie nani?" Mzaha ulikuwa uendelee. Nilikuwa nimeuandika wote kwenye treni. Haukuendelea.

Lorraine akainama chini ya kiti chake, akaja na mfuko, akatoa bakuli la bati la maua mekundu. "Malipo yako," akasema. Halafu akamgeukia mama. "Lilikaa kwenye rafu ya jikoni miaka yote miwili. Hakuna aliyeruhusiwa kulitumia. Nilimwambia baba, lirudishe, au nilitume kwa posta. Anasema, haliruhusiwi kurudi tupu, na mimi sina cha kuweka. Nikamwambia weka ndimu za dukani. Akasema kwa mama yule, baada ya lile la viza, ndimu hazitoshi." Akasimama pale amelishika, mwanamke mkubwa wa kizungu aliyechanganyikiwa. "Na mimi pia sijui niweke nini."

Wote wakaniangalia mimi, mjuzi wa mila. Mama ndiye aliyesema, "Chochote, mwanangu." Lorraine akapekua mkoba aliokaa nao hospitali, miwani, funguo, akapata pakiti ya peremende iliyobaki nusu, karatasi yake imesokotwa mwishoni na vidole vya baba yake. Akaiweka ndani ya bakuli. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Nikatoka njiani, jeneza likapita.

Kwenye treni ya kurudi mama alikaa dirishani, bakuli mapajani, maji ya mto yanapita chini yetu. Tulipokaribia mji alisokotoa ile karatasi, akatoa peremende moja, akaitazama pande zote, akaitia kinywani. Macho yalimjaa machozi papo hapo. Ni kali zile. Nikangoja aiteme. Hakuitema wala hakuitafuna. Aliimung'unya, stesheni baada ya stesheni, mpaka ikaisha yenyewe.